Jifunzeni kuimbua kwanza

(Niliyasema haya Jumamosi mbele ya vijana wa kwaya na bendi za harusi hapa Dar. Wengine waliomba niyaandike, nimeyaandika karibu vilevile nilivyoongea.)

Shikamooni wakubwa, na nyie wengine mambo vipi. Vuteni viti mbele jamani, feni inayofanya kazi ni hii ya upande huu peke yake na joto la leo halina adabu.

Asubuhi nimewasikiliza mmoja mmoja, kila mtu dakika mbili, wimbo wowote anaoupenda. Sauti mnazo, hilo sina ubishi nalo, kuna dada hapa wa kwaya sitamtaja, nilitamani nimuibe. Ila ugonjwa wenu ni mmoja nyote. Mnaanzia juu. Mtu anashika maiki, pumzi hajavuta vizuri, sekunde ya tano kashafika darini, afu kuanzia hapo hana pa kwenda, anabaki kuzungusha sauti hukohuko juu na manjonjo kibao kama inzi aliyeingia kwenye chupa ya soda. Akimaliza tunapiga makofi kwa sababu ni ndugu yetu.

Kwa hiyo leo mazoezi ya sauti nimeyaweka pembeni kidogo, nitawaongelea albamu moja. Ya zamani, ya mwaka 1996, wengi wenu hamjazaliwa, inaitwa Falling into You, ya Celine Dion. Najua mmeshaanza kucheka, mnasema si yule wa Titanic, yule wa kwenye harusi. Ndo huyohuyo. Na kabla hamjauliza, ule wimbo wa Titanic haumo humu, uko kwenye albamu iliyofuata ya 1997, msinisubirie huko.

Mimi nilikuwa kidato cha pili. Redio za watu binafsi ndo kwanza changa, tulikuwa tumezoea Redio Tanzania, ghafla kuna redio usiku inapiga nyimbo za mapenzi za Kizungu mpaka mnapitiwa na usingizi. Kaka yangu alikuwa na redio kaseti, na hela ya kanda orijino nyumbani haikuwepo, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukaa pale vidole viko juu ya plei na rekodi, nasubiri, wimbo ukianza nabonyeza vyote viwili pamoja. Tatizo mtangazaji. Anaongea mpaka muimbaji anafungua mdomo, yaani nyimbo zangu zote mwanzoni kuna mtu anawasalimia watu wa Temeke na Magomeni. Kanda ikichoka inatoa utumbo nje, unachukua kalamu ya biki unaichomeka kwenye tundu unazungusha polepole mpaka irudi. Na nilikuwa na daftari la nyimbo, wasichana wa umri wangu mnalijua, limebandikwa picha za magazeti kwa gundi ya unga wa ngano, humo naandika mashairi ya Kiingereza kwa kusikia tu. Kiingereza kilichomo mle hakizungumzwi popote duniani.

Nilipokuja kukua nikagundua mwenyewe mwenye nyimbo naye Kiingereza alikikuta ukubwani, nikafurahi sana. Celine ni mtoto wa Charlemagne, mji mdogo huko Quebec, Kanada, kazaliwa 1968, wa mwisho kati ya watoto 14. Kumi na nne jamani, na nyumba nzima inaimba. Akiwa na miaka 12 mama yake akamtungia wimbo, wanae wakasaidia, wakaurekodi kwenye kanda wakampelekea meneja mmoja anaitwa René Angélil, na yule bwana alivyomsikia akaweka nyumba yake rehani ili binti arekodi albamu. Miaka yote ile anaimba Kifaransa. Hata mwaka 1988 aliposhinda Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, akiiwakilisha Uswisi, kwa pointi moja tu dhidi ya Uingereza, aliimba Kifaransa. Kiingereza akaenda kukisoma darasani, shule ya lugha kama zile za kwetu unalipia kwa kozi, na albamu yake ya kwanza ya Kiingereza ikatoka 1990. Sasa huyo ndo mtu aliyekuja kuchukua Grammy, ile tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, ya albamu bora ya mwaka, 1997, kwa hii albamu ninayowaambia, na nakala zaidi ya milioni 30 zikauzwa duniani. Kwa hiyo wewe kijana uliyeniambia asubuhi mwalimu Kiingereza kinanikwamisha, tutaongea.

Lakini sikuja kuwapa wasifu wake, huo mtautafuta kwenye simu. Nataka mambo mawili tu yaliyomkuta kabla ya hiyo albamu, maana bila hayo hamtaelewa kwa nini inasikika vile.

La kwanza, mwaka 1989 sauti ilimharibikia akiwa ziarani. Anaimba usiku kwa usiku, kijana, anajiona chuma, si mnajijua. Akaenda kwa daktari wa koo, daktari akampa machaguo mawili, tukufanyie upasuaji wa nyuzi za sauti sasa hivi au unyamaze wiki tatu. Kunyamaza kabisa, kutotumia sauti, sio kunong'ona, maana hata kunong'ona kunachosha nyuzi, hilo liandikeni. Akachagua kunyamaza. Baada ya hapo akaenda kwa mwalimu kujifunza kuimba upya, na huyo ni mtu ambaye tayari ana tuzo nyumbani. Mimi nikiwaambia mpumzishe sauti siku mbili kabla ya harusi mnaniona mzee, unakuta Ijumaa mtu kaenda mpirani kashangilia mpaka kakauka, Jumamosi ananiletea sauti ya chura anasema mwalimu nina mafua.

La pili ndo nalipenda zaidi. Nilikuwa na mwenzangu kwenye kwaya ametokea Bujumbura, sisi huku tukihangaika na redio kaseti yeye ananicheka, anasema nyie mmemjua leo, sisi kwetu tunamsikiliza kwa Kifaransa toka mwaka jana. Alikuwa sahihi. Mwaka 1995 Celine alitoa albamu ya Kifaransa inaitwa D'eux, karibu yote imetungwa na Mfaransa mmoja, Jean-Jacques Goldman, na ndo albamu ya Kifaransa iliyouza kuliko zote. Huyo Goldman alimwambia kitu ambacho hakuna meneja wa bendi hapa mjini angethubutu kumwambia muimbaji wake. Alimwambia apunguze kuimba. Wafaransa wana neno lao ambalo amelitumia, wao wanachukua kitenzi cha kuimba wanakiweka kinyume. Na Kiswahili bwana kinaweza hivyohivyo vizuri tu, tuna funga na fungua, tuna vaa na vua, ziba na zibua. Basi imba na imbua. Kuimbua. Neno halipo kwenye kamusi, nalijua, msiniletee mwalimu wa Kiswahili hapa, ila kitu chenyewe kipo. Kuimbua ni kuvua manjonjo yote, kuvua sauti ya jukwaani, unabaki unamwambia mtu maneno kama unavyomwambia mezani.

Sasa Falling into You imekuja mwaka mmoja tu baada ya D'eux, na nyimbo kadhaa za Goldman zimo humo, zimegeuzwa Kiingereza. Nyie mnamjua Celine wa juu. Mimi nawaambia sikilizeni Celine wa chini, wa dakika ya kwanza. Ule wimbo wenye jina la albamu anaimba kama amekuegemea begani, unasikia hewa kuliko sauti. Wengi wanaosema yule mama anapiga kelele tu wamesikiliza dakika ya mwisho peke yake.

Tuje kwenye wenyewe. All by Myself.

Huu wimbo sio wa kwake, ni wa Eric Carmen, Mmarekani, wa mwaka 1975. Na Carmen naye melodi ya beti kaichukua kwa mtunzi wa Kirusi, Rachmaninoff, kwenye konseto yake ya pili ya piano, yaani utunzi wa piano ikisindikizwa na okestra, ile sehemu ya katikati ya taratibu. Aliichukua akidhani haina mwenyewe tena, kumbe nje ya Marekani haki bado ziko kwa warithi, ikabidi wakubaliane awe anawalipa asilimia 12. Someni hapo nyie mnaokopi biti. Na Rachmaninoff mwenyewe, siendi naye mbali, simfonia yake ya kwanza, utunzi mrefu wa okestra, ilichekwa vibaya mwaka 1897 akaanguka moyo, akakaa muda mrefu haandiki kitu cha maana, mpaka akapata daktari wa kumtibu kwa maongezi, akainuka akaandika hiyo konseto na akaandika jina la daktari juu yake kama zawadi. Kwa hiyo ule upweke unaousikia kwenye ule wimbo umepita mikono mitatu kabla haujafika kwangu na kanda yangu ya kurekodi.

Prodyuza ni David Foster. Angalieni alichofanya. Mwanzo ni piano na mtu, basi. Celine anaanza chini, sauti ya kawaida, yaani mama yeyote hapa anaweza kuifikia ile noti. Ubeti wa pili bado hajatumia hata nusu. Kiitikio kinakuja anapanda kidogo anashuka tena. Sasa mnajua bendi zetu tukitaka kuamsha ukumbi tunapandisha ki, yaani wimbo mzima unahamia juu, mpiga kinanda anakonyeza, tunapanda nusu toni, kibonye kimoja tu cha kinanda, tukijisikia sana toni nzima. Foster karuka nusu toni nne kwa mpigo, kutoka A mpaka D flati. Nne! Na mahali pa kurukia sio mwanzo wa kiitikio, ni katikati ya neno, Celine ameshikilia noti ndefu, muziki chini yake unahama nyumba na yeye bado ameshikilia, anaisukuma juu mpaka ile noti ya juu kabisa, na ngoma zinaingia. Nimesikiliza ile sehemu sijui mara ngapi na bado mikono inanisimama vinyweleo. Ila jiulizeni ingekuwaje kama angeanza wimbo kwa sauti ile. Ungepanda wapi? Hizo nusu toni nne zinauma kwa sababu dakika tatu kabla yake amekunyima.

Mi nililijua hili kwa aibu. Nilikuwa na miaka kama 20 hivi, ndugu yetu mmoja ana sendofu, nikaombwa niimbe, na mimi kwa akili zangu nikachagua wimbo huuhuu. Sikuuelewa. Kitu nilichosikia miaka yote ni sauti kubwa. Kwa hiyo nikaanza kwa sauti kubwa, mpiga kinanda akanifuata kwenye ki niliyojianzishia mwenyewe, ambayo ilikuwa juu kuliko orijino, na kila ubeti naongeza. Tulivyofika pale pa kuruka nikaruka. Sauti haikuruka. Ilitoka kitu kama mlango wa stoo. Watu wakanyamaza ule unyamavu wa huruma, na MC akasaidia haraka haraka akasema tumpigie makofi dada yetu jamani ana hisia. Nikakaa. Ndo shangazi yake bibi harusi, alikuwa mwalimu wa Kiingereza mstaafu, akanisogelea sikioni akaniuliza, mwanangu, huu wimbo si wa mtu aliyebaki peke yake? Kwenye sendofu?

Basi mwenzenu nikakaa miaka miwili siimbi peke yangu, natumika sauti ya pili nyuma huko. Cheka tu, we kaka wa besi, zamu yako inakuja.

Sasa ukitaka wa kwenye shughuli uko kwenye albamu hiyohiyo, Because You Loved Me. Huu umetungwa na Diane Warren kwa ajili ya filamu, ukakaa wiki sita namba moja Marekani. Hapa kwetu unapigwa maharusi wakikata keki, na hakuna ubaya, lakini huyo Diane Warren alikuwa anamuwaza baba yake alipouandika, baba aliyemuamini kwenye utunzi toka mdogo. Mimi toka nilivyolijua hilo, bendi yangu tunaupiga wakati wa maharusi kuwashukuru wazazi, na hapo ndo unaona mzee mgumu, mzee wa kaunda suti, anatoa leso anasingizia vumbi. Na tunaupiga chini. Nawaambia spika zishushwe. Maana pale watu wanataka kusikia maneno, na mzazi anayelia hataki kupigiwa mayowe usoni.

Wa kwanza kabisa kwenye albamu ni wa Jim Steinman, It's All Coming Back to Me Now, dakika saba na ushee, radi, pikipiki, mambo mengi, kama filamu ya Kihindi. Mimi naupenda lakini sio wa kujifunzia, ukiuiga utaumia. Na niseme ukweli wangu, kuna nyimbo humo zingeweza kubaki studio. Zile za kuchangamka nyingi naziruka. Na kurudia River Deep, Mountain High baada ya Tina Turner kuuimba 1966, mi nasema kuna vyungu unaviacha kwenye jiko la mwenyewe. Dada aliyeshika daftari pale anatikisa kichwa, haya, tutabishana kwenye chai.

Ninaotaka muende nao nyumbani ni mmoja wa mwishoni ambao redio haziupigi, unaitwa Fly. Huu ulikuwa wa Kifaransa kwenye D'eux, Goldman aliuandika kwa ajili ya mtoto wa dada yake Celine, binti wa miaka 16 aliyefariki 1993 kwa ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makohozi mazito mpaka mtu anashindwa kupumua. Celine alikuwa naye amempakata. Fikirieni, mtu ambaye kazi yake yote ni pumzi, anamuimbia mtoto aliyekosa pumzi. Mwingine angetumia nafasi hiyo kuonyesha sauti. Yeye hapandi. Wimbo mzima hapandi. Nimeshazika ndugu, na nimeimba kwenye misiba mingi kwa sababu ya kwaya, na kila nikisimama mbele ya jeneza nakumbuka kwamba watu wale hawajaja kunisikiliza mimi.

Kitu kimoja cha ufundi afu nimalize, hiki hata mafundi mitambo mkisikie. Ukiimba chini maiki inakuwa karibu na mdomo, vidole viwili hivi. Ukipanda unaisogeza mbali, kiganja kizima, na unaigeuza pembeni kidogo isikupige pumzi. Nyie mnafanya kinyume, chini mnaiweka kifuani, mkipanda mnaimeza. Fundi naye akiona hamsikiki anaongeza, mkipanda spika inalia fiiiii, bibi harusi anaziba masikio. Na ile eko jamani. Eko ya harusi za Dar ukisema "ndugu" inarudi mara nne. Huwezi kuimbua ndani ya pango. Kama eko ni ya lazima iwekeni kidogo tu, kama chumvi kwenye uji wa mgonjwa.

Kuna mtu kauliza, mwalimu mbona Whitney Houston hujamtaja. Whitney ni siku nyingine, leta chakula cha mchana kabisa.

Sasa tunafanya hivi. Kila mtu arudie wimbo wake wa asubuhi, ubeti wa kwanza tu, kiitikio sikitaki. Unakaa kwenye kiti, hausimami. Unachagua mtu mmoja humu ndani, unamuangalia, unamwambia yale maneno kwa melodi yake. Wa viti vya nyuma wasipokusikia ni shida yao, wasogee. Nikisikia mtu kazungusha hata noti moja anarudi mwisho wa mstari anaanza upya, na leo nina muda, nimeaga nyumbani mpaka saa kumi na mbili. Zimeni hiyo feni inatupigia kelele. Dada wa kwaya, anza wewe. Hapana, maiki iache hapo mezani.